Nyavu za Tajiri

Barua tatu kati ya zilizonifikia mwezi huu zinahusu jambo moja: pesa za video za utupu mtandaoni. Nimeamua kuzijibu pamoja. Najua wapo watakaokasirika kuziona hapa. Lakini nimeshika vitabu vya hesabu miaka 22 katika ofisi za klaring na fowadi, yaani za kutoa mizigo bandarini, pale Kilindini, Mombasa, na nimeona kwamba penye aibu hakuna anayeuliza risiti. Vijana wetu wanatia saini wakiwa wameinamisha macho, na aliyekaa upande wa pili wa meza anaijua aibu hiyo na anaitegemea.

Shikamoo Bi Mwanaisha. Nina miaka 23, nakaa Kisauni, Mlaleo. Nina diploma ya hoteli. Napata vibarua vya msimu huko Shanzu, na watalii wakiondoka tunaambiwa twende nyumbani. Kuna jamaa anajiita meneja, tumejuana kupitia kwa rafiki. Anataka kunifungulia ukurasa OnlyFans na kunifanyisha kazi ya kamera ya moja kwa moja. Atanipa simu mpya, taa ya duara, intaneti na chumba Nyali pamoja na wasichana wengine wawili. Tutagawana nusu kwa nusu. Amenionyesha kwenye skrini msichana aliyepata zaidi ya dola 600 kwa mwezi. Anasema nchi ya Kenya itafungiwa, kwa hivyo hakuna wa nyumbani atakayeniona. Mkataba ni wa miaka miwili. Mambo ya dini na desturi nayajua. Nakuuliza tu kama biashara hii ina pesa kweli.

Marahaba, mwanangu. Umeuliza swali la hesabu, nami nitakujibu kwa hesabu. Pesa zipo, tena nyingi mno. La kuuliza ni zinatua mfukoni mwa nani.

Tuanze na huo mtandao wenyewe. OnlyFans, ambako mteja humlipa mwenye ukurasa ili aone picha na video zake, ulianzishwa Uingereza mwaka 2016 na Tim Stokely. Mwaka 2018 Leonid Radvinsky, Mmarekani mzaliwa wa Ukraini, akanunua hisa nyingi za kampuni inayoumiliki, Fenix International. Kwa kuwa kampuni hiyo imesajiliwa Uingereza, sheria ya huko inailazimu kuweka hesabu zake hadharani kila mwaka. Hesabu hizo nimezipitia kwa jicho lile lile nililokuwa nikipitishia ankara za kampuni za meli. Katika mwaka wa fedha ulioishia Novemba 2024, wateja walilipa dola bilioni 7.22. Kampuni hukata asilimia 20, na mwenye ukurasa hubaki na 80. Akaunti za wenye kurasa zilikuwa milioni 4.6.

Sasa shika kalamu. Gawa hizo bilioni kwa hizo akaunti: inakuja kama dola 1,570 kwa akaunti moja kwa mwaka mzima. Toa asilimia 20, inabaki kama 1,256. Gawa kwa miezi 12, ni chini kidogo ya dola 105 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 13,500, na meneja bado hajanyoosha mkono. Mwaka huo huo kampuni ilimlipa mwenye nayo gawio la dola milioni 701.

Na wastani huo nao usikutulize. Weka papa mmoja wa kilo mia na dagaa mia kwenye mizani moja, kisha ugawanye uzito kwa idadi. Utaambiwa kila dagaa ana kilo. Ndivyo ilivyo huko. Walio juu kabisa ni wachache, wengi wao waliingia wakiwa na majina na wafuasi tayari, na ndio wanaozoa. Walio wengi wako chini, chini sana ya hizo 13,500.

Hiyo kazi ya kamera ya moja kwa moja mgawo wake ni mkali zaidi. Mtandao kama Chaturbate humuuzia mteja vijisarafu vya kidijitali, 100 kwa dola 10.99. Akimrushia msichana hivyo 100, msichana anahesabiwa senti 5 kwa kimoja, yaani dola 5. Zaidi ya nusu imeshabaki mlangoni. Baada ya hapo ndipo meneja wako anagawa nusu kwa nusu.

Hapo kwa meneja nitasimama kidogo, kwa sababu huyo mtu namjua tangu utotoni mwangu. Baba yangu alikuwa mvuvi, Mtongwe. Mashua haikuwa yake wala nyavu hazikuwa zake. Vyote alipewa na tajiri wa samaki kwa mkopo usioandikwa popote ila kwenye kitabu cha tajiri mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: samaki wote aende kumuuzia yeye, kwa bei anayoitaja yeye. Mimi nilikuwa darasa la sita, najua kuandika vizuri, basi jioni baba alikuwa akinitajia nami nikiandika kwenye daftari la mraba: changu kilo kadhaa, tasi kilo kadhaa. Bei ya tasi sokoni ilikuwa moja, na bei ya tasi kwenye kitabu cha tajiri ilikuwa nyingine. Kusi ikianza, bahari ikachafuka, hakuna kutoka, deni limelala pale pale. Deni likikaribia kwisha, wavu unapasuka, tajiri anatoa mwingine kwa moyo mkunjufu. Baba alifariki akidaiwa nyavu ambazo zilikuwa zimeshaoza.

Simu mpya, taa ya duara, intaneti, chumba Nyali. Mwanangu, hizo ndizo nyavu.

Mwaka jana binti mmoja wa Bamburi aliletwa kwangu na mamake mdogo. Alikuwa na daftari lenye miezi mitatu ya kazi kama hiyo unayoitiwa, na amelitunza vizuri kuliko makarani wengi niliowahi kuwafundisha. Nilimtilia kahawa tukakaa barazani tukajumlisha upya. Mwezi wa pili wateja walikuwa wamelipa dola 412. Mtandao ukakata 82.40, zikabaki 329.60. Nusu ya meneja 164.80. Katika nusu ya binti, meneja akakata dola 60 za vifaa, zikabaki 104.80. Gharama za kutuma na kubadilisha zikala dola 9. Zikamfikia dola 95.80, sawa na shilingi 12,358. Walichotoa wateja ni shilingi 53,148, kwa hivyo aliyeuza sura na mwili wake alipata chini ya robo.

Alikuwa ameandika na saa za kazi, na hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Wateja wengi wako Marekani, na saa tisa ya usiku Mombasa ndiyo saa moja au mbili ya jioni New York. Alifanya kazi kuanzia saa saba za usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, siku 26. Hizo ni saa 130. Ukigawa, ni shilingi 95 kwa saa.

Mstari wa vifaa alikuwa ameuandika kwa kalamu nyekundu. Mwezi wa kwanza: bado 340. Wa pili: bado 280. Wa tatu nilidhani nitaona 220, nikaona 395. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema simu ilianguka, akapewa nyingine.

Kwa hivyo huyo jamaa akikuonyesha skrini ya dola 600, muulize hiyo ni kabla ya makato au baada, na muulize msichana mwenyewe yuko wapi umwone na daftari lake.

Kuna tabaka jingine la watu usilolisikia likitajwa, nalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: wenye kadi za benki. Biashara hii kwa sehemu kubwa inapita kwa Visa na Mastercard, na benki huihesabu kuwa ya hatari kubwa kwa sababu wateja wengi hulipa usiku, kisha asubuhi wanayakana malipo na kutaka benki iwarudishie. Pesa hizo mara nyingi huvutwa kutoka kwa mwenye ukurasa, hata kama kazi ameshaifanya. Wenye kadi wakikunja uso, kila mtu anatetemeka. Desemba 2020, baada ya gazeti moja la New York kuandika juu ya video za watoto na za watu waliobakwa ndani ya Pornhub, tovuti kubwa ya video za ngono, Mastercard na Visa walikata malipo yao huko, na Pornhub ikaondoa mamilioni ya video ambazo waliozipandisha hawakuwa wamethibitishwa. Agosti 2021 OnlyFans wenyewe walitangaza kwamba kuanzia Oktoba 1 video za ngono zitapigwa marufuku, wakasema ni kwa sababu ya mabenki. Siku chache baadaye wakaghairi. Hebu fikiria mtu mwenye kodi ya nyumba na mtoto wa shule, anaamka asubuhi na kusikia kazi yake inafungwa kwa uamuzi wa benki, na hakuna hata dirisha la kwenda kuuliza.

Tangu Oktoba 2021 Mastercard wanataka kila anayeonekana kwenye video awe amethibitishwa umri na kitambulisho, na awe ameandika kwamba ameridhia. Sharti hilo ni zuri, limewakinga wengi. Lakini ndilo pia linaloeleza kwa nini meneja wako anakihitaji sana kitambulisho chako. Akaunti itakuwa kwa jina lako na uso wako. Nywila itakuwa yake, na mfuko wa kupokelea pesa utakuwa wake. KRA, watoza kodi wa serikali, wakija kuuliza mapato, jina watakalolikuta ni lako.

Hilo la kufungia Kenya linanitia uchungu zaidi. Kuzuia nchi kwenye mtandao ule kunawezekana kweli. Ila mteja aliyeko Dubai akirekodi skrini yake, video inarudi Mlaleo kwa WhatsApp kabla ya adhuhuri. Na ahadi hiyo si mpya. Mjini San Diego, Marekani, kulikuwa na kampuni ya video iliyoitwa GirlsDoPorn. Iliwavuta wasichana kwa matangazo ya kazi ya mitindo, kisha ikawaambia video zitauzwa kwa diski katika nchi za mbali, mtandaoni hazitawekwa kamwe. Ziliwekwa. Wanawake 22 wakaenda mahakamani, na Januari 2020 wakashinda, wakaamuliwa fidia ya karibu dola milioni 13. Mwenye kampuni, Michael Pratt, alitoroka, akakamatwa Hispania Desemba 2022, na Septemba 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 27. Wale wasichana walikuwa na mahakama iliyowasikiliza.

Wewe je? Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaharamisha kutengeneza na kusambaza picha za aibu. Adhabu ni kifungo hadi miaka miwili au faini ya shilingi 7,500. Faini ni ndogo, lakini angalia inakofikisha jambo. Mahakama haitekelezi mkataba ambao msingi wake ni kosa la jinai. Meneja akikudhulumu nusu yako, huna pa kumshitaki. Naye pia hawezi kukushitaki ukivunja hiyo miaka miwili. Basi karatasi hiyo itakufunga kwa kitu gani? Kwa woga wako tu, na kwa video alizo nazo. Akishika kitambulisho chako, au akikuzuia kutoka kwenye nyumba hiyo ya Nyali mpaka deni liishe, hapo si biashara tena. Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ina adhabu isiyopungua miaka 30 jela au faini isiyopungua milioni 30, au vyote viwili.

Usitie saini, mwanangu. Nakwambia kama ningemwambia binti yangu. Na najua nikikwambia hivyo nakuacha na tatizo lile lile la msimu. Diploma yako ina thamani meli za kitalii zinapotafuta wahudumu, na kuna hospitali na shule za bweni zinazoajiri watu wa jikoni na wa usafi mwaka mzima, si kwa msimu. Niandikie tena unipe vyeti vyako ni vipi hasa, tutazame pamoja.

Bi Mwanaisha, asalaam aleikum. Ndugu yangu mdogo ana miaka 25, tunakaa Magongo. Amepata kazi ya kuchati usiku kucha kwenye kompyuta. Nilichungulia nikaona anajibu wanaume kana kwamba yeye ni msichana wa kizungu. Analipwa kwa kila ujumbe. Je, hii ni kazi au ni utapeli?

Waaleikum salaam. Ni kazi, na kwa mteja ni udanganyifu. Vyote viwili kwa pamoja.

Pesa nyingi katika mitandao hii haziji tena kwa ada ya kila mwezi. Zinakuja kwa mazungumzo: mteja anapiga soga, anahisi amependwa, anauziwa video moja moja na kuombwa bakshishi. Msichana mwenye wateja elfu moja hawezi kuwajibu wote, basi wakala wake huajiri vijana Ufilipino, na kwetu Kenya vilevile, waandike kwa niaba yake. Mwaka 2024 wateja kadhaa Marekani walifungua kesi California wakidai walidanganywa hivyo hivyo.

Ndugu yako simlaumu. Nauliza tu mambo anayoulizwa kibarua yeyote. Mwajiri ana jina na ofisi? Kuna hati ya mshahara? Ujumbe ukikataliwa kwa kosa, analipwa au halipwi? Wengi wanaofanya kazi hiyo huandikishwa kwamba hawatamwambia mtu, hata mke. Kijana anayesikiliza upweke wa wanaume ishirini kwa usiku mmoja, kisha haruhusiwi kumweleza mtu kilichomchosha, ataharibika roho. Wewe umeshaona, kwa hivyo siri imeshatoka. Mwambie unajua, na asubuhi akimaliza mwekee chai na mahamri umwache aongee.

Mama, naomba usitaje mtaa wangu. Nilienda kwa meneja kama hao, nikarekodiwa video ya majaribio, nikabadilisha mawazo. Sasa anataka shilingi 40,000 la sivyo ataituma kwa baba yangu na kanisani kwetu. Nimekopa 15,000 tayari. Nifanye nini?

Usimtumie hata shilingi. Hizo 15,000 mrudishie uliyemkopa leo hii. Anayelipwa mara moja kwa kitisho hurudi mwezi ujao, kwa sababu umemthibitishia kwamba mtego unanasa.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inasema anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine atapigwa faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Najua unaogopa polisi watakugeuzia kibao wewe. Basi usiende peke yako. FIDA Kenya na Kituo cha Sheria wote wana ofisi hapa Mombasa na hutoa msaada wa wakili bila malipo kwa asiyejiweza. Pita kwao kwanza. Namba 1195 nayo hupigwa bure, wakati wowote, kwa aliyedhulumiwa kijinsia.

Kuna na jambo la kufanya kama nakala ya video hiyo unayo. Tovuti ya StopNCII, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2021, huitengenezea video yako alama ya kidijitali, kama alama ya kidole, bila video yenyewe kutoka kwenye simu yako. Alama hiyo hupelekwa kwa Facebook, Instagram, TikTok, OnlyFans, Pornhub na wengineo walioshirikiana nao, na mtu akijaribu kuipandisha huko inatambuliwa na kuzuiwa. Ni bure, kwa aliyetimiza miaka 18. WhatsApp ya mtu kwa mtu ni vigumu kuizuia, sitakuficha. Ndiyo maana nakuomba umwambie mtu mmoja nyumbani kabla huyo meneja hajamwambia. Kama si baba, shangazi. Kitisho chake chote kinasimama juu ya kwamba hakuna anayejua.

Na usifute mazungumzo, hata kama yanakuchoma kuyaona. Namba ya M-Pesa aliyokupa utumie hizo 40,000 imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu. Inakili kwenye karatasi, uandike na tarehe na saa aliyokutumia, na uiweke mahali ambapo simu ikipotea haipotei nayo.